Mwalimu wa Wahadhiri Asiyejua Tena Kazi Yake

Saa mbili kasoro asubuhi, Kavinya Wathome amepiga magoti chini ya meza katika chuo kikuu kimoja cha kibinafsi hapa Eastlands, akitafuta waya wa projekta. Wanafunzi sitini wanamtazama. Mhadhiri wa uhasibu, Johnson Kiarie, anamsubiri.

“Hii si kazi yangu,” ananinong’oneza. “Ama ni yangu? Siku hizi hata sijui.”

Nami nimechanganyikiwa. Niliambiwa ninakuja kumwona mwanamke anayewafundisha wahadhiri kufundisha.

Kavinya, 47, mkazi wa Umoja, aliajiriwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Alikuwa akikaa nyuma ya darasa na daftari, akiandika si maneno ya mhadhiri bali wanachofanya wanafunzi: nani amesinzia, nani ameacha kuandika, na dakika ya ngapi. Kisha alizungumza na mhadhiri wakinywa chai.

“Wengine walidhani mimi ni mpelelezi wa ofisi,” anacheka.

Ikaja korona. Masomo yakahamia mtandaoni, naye akawa mtu wa kupakia huko noti za masomo. Sasa imekuja akili mnemba, na wahadhiri wanamletea insha aseme kama zimeandikwa na mwanafunzi ama na simu.

“Naulizwa kama mganga!”

Kosa, anakiri, ni lake. Aliona haya kukataa. Kila aliyemwita kwa sababu ya waya alimwendea, na kila safari akajaza fomu. Mwaka jana fomu za waya zilikuwa 212. Za kukaa darasani, nne.

Kwa hesabu hiyo, wakubwa wanataka kumhamishia kitengo cha kompyuta, asikae darasani tena. Ana hadi Ijumaa aeleze kwa maandishi kazi yake ni ipi. Karatasi bado ni tupu, na inasikitisha kuitazama. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Kavinya alitenda, akaenda zake, na sasa hakuna anayejua alikuwa akitenda nini.

Projekta inawaka. Anaokota mkoba.

“Madam, si ukae kidogo?” Kiarie anamwambia. “Ile siku uliniambia nikiuliza swali ninyamaze, nihesabu hadi kumi. Nikaona ni mchezo. Saa hii hawa watu wanajibu, hata wale wa nyuma.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia saa ngapi? Ukishatengeneza waya, huyoo, umeenda.”

Kavinya anatoa ile karatasi mkobani na kumnyooshea. “Andika hapo. Hivyo hivyo, na uweke sahihi.”

Kiarie anaandika: Alinifundisha kunyamaza.

“Sijui kama watanielewa,” Kavinya ananiambia akivuta kiti cha nyuma kabisa. “Hata mimi sijielewi vizuri. Lakini Ijumaa napeleka hiyo, na Jumatatu niko darasani, waniite wasiniite.”