Mtoto Aliyesubiri Jina Lusail

Wiki zake za kwanza duniani, mtoto yule hakuwa na jina. Wazazi wake walimwita "bach", neno la kwao Wales la kumwita mdogo unayempenda, na mwisho wake hutoka kooni kama kh ya Kiarabu. Na mimi nikamwita bach. Nilikuwa sijamaliza mwaka Doha, nafanya kazi za nyumbani, na wao ndio walikuwa waajiri wangu wa kwanza. Wote wawili walikuwa walimu. Tulikaa ghorofa ya juu, Lusail, mji ulio kaskazini mwa Doha. Siku hizi nafanya kazi mtaa wa Al Sadd, lakini nikipita kule bado natafuta dirisha letu kwa macho.

Mchana, madam akimnyonyesha na mimi nikikunja nguo, alinisomea majina ya wavulana kutoka kwenye simu yake. Alisema Kiingereza cha polepole ili nisiachwe nyuma.

"Dylan. Huyu ni wa bahari, wa mawimbi."

"Ni zuri, madam."

"Unasema hivyo kwa kila jina. Glyn ni bonde. Rhys ni mtu mwenye ari. Gwyn ni mweupe, au aliyebarikiwa."

"Gwyn hapana," bosi, mumewe, alisema kutoka jikoni. "Kwa jua la hapa, mtoto ataonekana mwongo."

Lilikuwepo Llew, maana yake simba. Sauti yake ya kwanza hatuna. Unaweka ulimi nyuma ya meno na kupuliza hewa pembeni. Nilijaribu, nikalitemea mate shati la bosi nililokuwa nimelikunja vizuri. Madam alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Mimi ni mtu wa haya, kwa kawaida ningetoroka jikoni, lakini siku hiyo nilicheka pamoja naye. Kicheko kile nakikumbuka kuliko vitu vingi vya nyumba ile.

Nilishangaa tu kwamba jina linatafutwa kwenye simu kama mtu anayetafuta viatu. Kwetu, magharibi mwa Kenya, mtoto akilia bila kukoma, wakubwa huketi na kumwitia majina ya watu wa ukoo waliotangulia, moja baada ya lingine. Akinyamaza, basi huyo aliyetajwa ndiye amekuja.

Kumbe hata madam alikuwa na mtu wake. Alikuwa kaka yake wa pekee, aliyefariki kijana, bila mke wala mtoto. Jina lake maana yake ni kilima. Sitaliandika hapa, kwa sababu lina mwenyewe. Madam alilitaka jina hilo tangu tumbo likiwa dogo, ila bosi hakutaka. Hakuwa mtu mbaya. Nilimsikia akimwambia, "Kila nikimwita aje kula nitakuwa nakukumbusha msiba. Na mama yako je? Tutampigia simu amwone mjukuu, aishie kulia?"

Madam alisema sawa. Baada ya hapo aliendelea kunisomea yale mengine, bahari na bonde na simba, lakini alisoma kama mtu anayesoma bei za vitu ambavyo hatanunua. Niliona wazi kinachompotea. Katika familia yao hakukuwa na mtoto mwingine wa kupewa jina lile.

Alasiri moja madam alikuwa amelala na mtoto akaanza kulia. Nilimfunga mgongoni kwa leso, nikatembea naye kutoka jikoni hadi dirishani. Hakunyamaza. Basi nikaanza kumwitia, taratibu, kama walivyofanya kwetu. Dylan. Akalia. Glyn. Akalia. Rhys, Gwyn, hata Llew nikampulizia. Akazidi.

"Unamfanya nini?"

Madam alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimetimka. Nilidhani nimefukuzwa.

"Namuuliza jina, madam. Ni desturi ya kwetu. Nisamehe."

Nikamweleza kwa maneno machache, macho yakiwa sakafuni. Aliuliza, "Umemwita kaka yangu?"

"Hapana, madam. Huyo si wangu kumwita."

Wakati huo bosi alikuwa ameingia, begi la shule begani, anavua viatu. Alikuwa amesikia. Aliuliza, na hakuuliza kwa hasira, "Lakini kwenu, mtoto akiwa na jina la marehemu, hamhuzuniki kila siku?"

Nilijua mambo ya nyumbani kwetu tu, kwa hiyo nikasema hayo.

"Mimi nina jina la dada mkubwa wa nyanya yangu. Alikufa kabla sijazaliwa. Nyanya huniita dada. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananigombeza mbele ya wageni: 'Dada, sufuria yangu uliondoka nayo ukaenda kuolewa, utairudisha lini?'"

"Na wewe ulimjibu nini?" madam aliuliza.

"Nilimwambia imetoboka."

Bosi alicheka kwa nguvu, halafu akakatiza kicheko katikati. Aliweka chini kiatu alichokuwa amevua. Mtoto bado alikuwa analia mgongoni kwangu. Bosi akaja, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, akamwita jina la shemeji yake. Akamwambia, "Viatu vyangu vya raga viko wapi, wewe mwizi? Uliniambia unaviazima kwa Jumamosi moja tu."

Madam aliketi palepale sakafuni. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Alivitupa," alisema. "Vilipasuka, akaogopa kukuambia."

"Nilijua!" bosi akasema. "Nilijua tangu siku ile!"

Mtoto hakunyamaza kwa jina hilo wala lingine. Nadhani lilikuwa tumbo. Nilimfungua, madam akampokea, na wao wawili wakaendelea kumsomea mashtaka ya mjomba wake, mara hili, mara lile, hadi chai niliyowawekea ikapoa.

Ijumaa walimpigia simu mama yake madam kule Wales. Mimi ndiye nilishika simu, kwa sababu madam alikuwa amempakata mtoto. Kwenye kioo alionekana mwanamke mzee mwenye miwani, jikoni kwake. Madam alimwambia kwamba mtoto amepewa jina la mjomba wake. Mama yule alivua miwani, akaiweka mezani. Bosi alinitazama kama mtu anayengoja kulaumiwa.

Kisha mama akasema nisogeze simu karibu na mtoto. Nikasogeza. Akamwita jina lile kwa sauti kubwa, sauti ya kumwita mtu aliye nje uani, halafu akaendelea kwa Kiwelisi.

Nilimuuliza madam polepole amesema nini.

"Anamuuliza kama amekula."