Koti la Kijani Lililombeba Baba Mkwe

Chekeni tu, nami sasa nacheka, lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikipita soko la Uyole nimeinamisha kichwa, kwa sababu pale ndipo nilipomwangusha baba mkwe wangu kwenye tope, mchana kweupe, mbele ya akina mama wauza viazi, na kosa lote nilianza kulifanya mwenyewe dukani Iringa, nikiwa na akili zangu timamu, wala hakuna aliyenilazimisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, nina miezi saba tu kwenye ndoa. Mimi Mhehe wa Kihesa, Iringa, mume wangu Lusajo Mnyakyusa, wote walimu, tumepanga vyumba viwili Uyole na tuna baiskeli moja ya kiume tunayopokezana: asubuhi anaondoka nayo yeye, mchana naichukua mimi kwenda kufundisha darasa la elimu ya watu wazima huko kwenye njia ya Tukuyu. Mvua za Mbeya mnazijua, hazibishi hodi. Koti tulilokuwa nalo lilikuwa la mpira, jeusi, zito, ukipanda nalo kilima kimoja unafika umelowa jasho kuliko ambavyo mvua ingekulowesha, na darasani wazee wangu wakawa wananionea huruma.

Basi likizo nilipokwenda kwetu, nikaingia na mama dukani kutafuta koti. Yalikuwapo mawili. La kwanza jekundu, la kike, la mpira vilevile. La pili la kijani, la kiume, la nailoni, lina kofia yake na vitundu vidogo kwapani.

"Hili linapumua, mwalimu," mwenye duka akasema, akalikunja mpaka likaingia kiganjani. "Unaendesha baiskeli, joto linatokea hapa, mvua haiingii."

"Chukua jekundu, mwanangu," mama akasema. "Hilo lingine utafanana na mwanaume."

Nikayapima mkono huu na mkono huu. Nikalivaa la kijani, nikachuchumaa katikati ya duka nikajifanya nakanyaga pedali (mama aliangalia pembeni kama hanijui), nikaona sijabanwa popote, nikasema hilohilo. Tena Lusajo naye atalivaa, tutapokezana kama baiskeli. Nilijiona mwerevu kweli.

Lusajo alilipenda kupita kiasi. Kila Jumapili anakwenda kwa wazazi wake amelivaa, hata jua likiwaka, mpaka kijiji kizima kikajua kwamba yule wa koti la kijani ni mwalimu Lusajo anakuja.

Sasa niwaambie jambo moja ili mnielewe. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Ukimwona kwa mbali unaacha njia, unaingia migombani, unampa mgongo mpaka apite. Humsemeshi, humtazami usoni, hata jina lake hulitaji. Mama mkwe alinifundisha wiki ya kwanza, nami nikaishika kazi hiyo sawasawa, nimekimbilia migomba mpaka ndizi zikanizoea. Nilikuwa na sababu. Shangazi yake Lusajo alishasema wazi kwamba wasichana wa Iringa hawana heshima, na kwamba nikikosea mara moja tu nitarudishwa kwetu nikafundishwe upya. Mimi nilimpenda mume wangu, sikutaka kurudishwa popote.

Siku ya siku, natoka darasani, mvua inamwagika, nimevaa koti la kijani, kofia nimeikaza mpaka kwenye nyusi, miguuni mabuti ya Lusajo. Nafika penye tope zito, napunguza mwendo. Chini ya paa la kibanda cha pembeni kuna mtu amejikinga mvua, kikapu cha ndizi mkononi. Kumtazama vizuri, baba mkwe! Nikatafuta pa kukimbilia, kulia mtaro umejaa maji, kushoto mtaro umejaa maji, na kabla sijaamua, mzee kashafika nyuma yangu.

"Ndaga, asante, mwanangu! Mungu amekuleta," akasema, akashika keria, akapanda na kikapu chake.

Jamani. Baba mkwe yuko mgongoni kwangu! Niseme "baba, ni mimi"? Nitakuwa nimemsemesha. Nigeuke anione? Nitakuwa nimemtazama. Nikafanya hesabu ya kijinga kuliko zote za maisha yangu: kama hajui ni mimi, basi hakuna kilichotokea, nitamfikisha Uyole, atashuka, nitaondoka mbio. Nikakanyaga pedali.

Mzee akaanza mazungumzo. "Mbona kimya leo?" Kimya. "Mmegombana na mkeo?" Kimya. Akavuta pumzi. "Sikiliza, Lusajo. Yule mtoto wa watu usimsumbue. Ametoka kwao mbali, hana mama hapa, hana dada. Shangazi yako maneno yake muachie mwenyewe. Mimi sijawahi kumwona uso, namjua kwa mgongo tu, lakini mtu anayekimbia vile kwa heshima yangu, amelelewa huyo."

Machozi yakanitoka, nyie, yakachanganyika na mvua. Ananijua kwa mgongo tu, na mgongo wenyewe uko mbele ya pua yake, umefunikwa koti! Nikataka kucheka, nikataka kulia, na katikati ya hayo nikasahau mteremko wa kuingia sokoni.

Baiskeli ikashika kasi. Upepo ukaingia koti kwa chini na kwa vile vitundu vya kupumulia, likavimba lote, kofia ikafyatuka, na nywele zangu nilizosukwa kwa uzi zikasimama wazi mbele ya macho ya mzee.

"Yesu wangu!" akapiga kelele, akaruka.

Keria ikayumba, nikakosa breki, nikaingia moja kwa moja kwenye rundo la viazi. Ndizi kule, viazi huku, mimi chali. Nilipotaka kufunika uso kwa koti, zipu ikagoma, nikalivuta juu kwa nguvu likanasa kichwani, nikabaki nimekaa kwenye tope kama gunia lililofungwa mdomo. Kwa upenyo nikamwona mzee naye kakaa hatua tatu kutoka kwangu, amenipa mgongo, kofia yake ameishusha mpaka kidevuni.

Soko zima likaja. "Huyo si mkamwana wake?" "Amembeba mkwewe kwenye baiskeli!" "Haya ni makubwa, waitwe wazee." Mimi ndani ya koti nikaanza kufungasha virago kichwani, naiona kabisa Kihesa na uso wa mama.

Ndipo mzee akainuka, bado amenipa mgongo, akapaza sauti.

"Mnamwona nani ninyi? Mimi nimepanda baiskeli ya mwanangu, nimebebwa na koti la mwanangu. Zaidi ya koti sikuona mtu. Kuna aliyeona mtu?"

Watu wakatazamana. Mwenye viazi, mama mmoja mnene, akasema taratibu, "Mimi nimeona koti tu." Na wengine wakaitikia, koti tu, koti tu, huku mbavu zinawauma. Mzee akaokota ndizi zake, akaondoka kwa miguu kwenye mvua.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaleta kifurushi. "Mzee kasema uvae hili, akuone mapema." Nikafungua: koti jekundu, la kike, la mpira! Halikupumua hata kidogo. Nimetoka nalo jasho miaka tisa. Na kila mzee alipoona wekundu unakuja, alikuwa anageuka yeye kabla yangu, anakohoa mara mbili, nami nagonga kengele mara mbili, napita. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Nimeapa sitavaa tena koti la kupokezana na mume, hata liwe jepesi kama karatasi. Lakini lile jekundu nimelitunza. Siku tuliyomzika mzee jua lilikuwa linawaka, nikalivaa hivyo hivyo.