Bomba la Titani na Mguu wa Mzee Bernadi

Saa mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Mbinga ukiwa bado umelalia mabati, Emerensiana Ndunguru ameinama juu ya benchi la chuma. Mbele yake kuna bomba fupi aliloliziba ncha zote mbili. Kimpira chembamba kinaingiza gesi ya argoni ndani yake. Tochi ya kuchomelea iko mkononi, lakini hajaiwasha.

"Vumilia kidogo, baba," anamwambia mteja wake. "Leo siwashi moto mpaka hewa yote itoke humo ndani."

Mteja huyo ni Mzee Bernadi Kinunda, mkulima wa kahawa wa Maguu mwenye miaka sitini na moja. Ameketi juu ya kreti la soda, suruali ya upande wa kushoto imekunjwa hadi gotini. Bomba lililo benchini ndilo mfupa wa mguu wake wa bandia.

"Mimi nitavumilia, mwanangu. Kahawa ndiyo haivumilii. Imeshaanza kuwa nyekundu."

Emerensiana ana miaka thelathini na minne. Ufundi aliuanzia Ngaka, kwenye karakana ya malori ya makaa ya mawe. "Walinipa kazi ya kufagia," anakumbuka akicheka. "Nikafagia, macho yote yako kwenye kazi ya mafundi." Sasa ni mwaka wa tisa ana karakana yake nyuma ya soko, na hakuna geti, mashine ya kumenyea kahawa wala ndoo ya stenlesi iliyowahi kumshinda. Ndiyo maana bomba hili lilimuuma.

Mzee Bernadi alipoteza mguu miaka sita iliyopita, alipoangukiwa na mti. Mwaka jana sista mmoja wa misheni alimletea mguu uliokwishatumika ng'ambo. Ulikuwa mzuri, ila mrefu.

"Mwenyewe wa kwanza nadhani alikuwa twiga," anasema mzee. "Nilikuwa natembea kama niliyepanda ngazi upande mmoja."

Emerensiana alikata bomba katikati, akatoa kipande chenye urefu wa upana wa vidole vitatu, akaviunganisha vile vipande viwili vilivyobaki. Anakiri kwamba alishangaa tangu mwanzo: bomba lilikuwa jepesi mno, na grenda ilipoligusa lilirusha cheche nyeupe kama fataki. Ungio lilipopoa likawa na rangi ya buluu na zambarau.

"Nikasema hii ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Nikaipiga na picha!"

Aliligonga kwa nyundo, likalia vizuri. Mzee akazunguka soko mara mbili, watu wakampigia makofi. Lakini soko ni tambarare, na shamba la Maguu limening'inia mlimani. Huko Wamatengo hulima ngoro, yaani mashimo yanayopangwa mlimani ili mvua isibebe udongo, na mtu hupita juu ya kingo zake nyembamba akishuka.

Siku ya pili, Mzee Bernadi akishuka na jembe begani, bomba likakatika palepale penye rangi nzuri. Akaingia shimoni mzimamzima.

Emerensiana alikwenda Maguu kwa bodaboda akiwa na sukari na sabuni, akapiga magoti uani. "Shikamoo nilishindwa kuimaliza. Nililia."

"Nikamwambia inuka, mtoto wewe," anasema mzee. "Lile shimo nililichimba mwenyewe, lilinipokea vizuri. Watu wakasema peleka kwa fundi mwingine. Huyo mwingine si ataanza kwa kulivunja upya?"

Emerensiana aliituma ile picha kwa Mwalimu Hamphrey, anayefundisha uchomeleaji katika chuo kimoja cha ufundi Songea. Simu ilirudi haraka.

"Nilimwambia hiyo ni titani," anaeleza mwalimu huyo. "Uzito wake umezidi kidogo tu nusu ya uzito wa chuma, lakini nguvu inayo. Haiogopi kutu, jasho wala maji ya chumvi. Mabomba yake yamo kwenye viwanda vya kemikali, mitambo inayopozwa kwa maji ya bahari, hata kwenye ndege. Tatizo ni ikipata moto. Inavuta hewa, na hewa inaifanya ikatike. Ile buluu aliyoipenda ndiyo ugonjwa wenyewe."

Tena bomba hilo halikuwa na mshono. Mabomba mengi hukunjwa kutoka kwenye bati na kuunganishwa ubavuni, lakini hili lilitengenezwa kutoka donge moja zima. "Mshono wake wa kwanza niliutia mimi," anasema Emerensiana, "na niliutia vibaya."

Ilibidi sehemu zilizoharibika zikatwe, kidole kimoja na nusu kila upande. Mguu ukawa mfupi. Kwa siku mbili Emerensiana hakujua la kufanya, mpaka alipokwenda dirishani kuchukua chaki. Chaki zake alikuwa amezitia ndani ya kile kipande alichokitoa mwanzo. Akakipima: vidole vitatu kamili.

Alijifunzia kwanza kwenye vipande vilivyoharibika, gesi ikiwa ndani na nje, mpaka rangi ilipokoma kutokea.

Sasa anashusha kinyago na kuwasha tochi. Anachomelea ungio la kwanza, kisha la pili, na moto ukishazimika anaendelea kulielekezea gesi mpaka lipoe. Anavua kinyago. Maungio yanang'aa kama fedha, bila doa.

"Jeupe!" anapiga kelele. "Baba, jeupe!"

Safari hii hatosheki na jaribio la sokoni. Mchana huohuo anafunga karakana na kumsindikiza mzee hadi Maguu. Mlimani anatangulia, akishuka kinyumenyume juu ya kingo za ngoro, mikono ameinyoosha mbele.

"Toka huko, utanikanyagia maharage," anafoka mzee, lakini anacheka.

Januari, Emerensiana anatarajia kwenda Songea kusoma kwa Mwalimu Hamphrey miezi miwili. Kuna mtu wa kijiji cha Chiwanda mwenye mguu kama huu amekwishampigia simu, naye fundi amemjibu asubiri mpaka yeye ajifunze kwanza.

Mzee Bernadi anafika chini, kwenye mibuni. Anapigapiga mguu ardhini mara tatu, anachuma tunda jekundu la kwanza na kulitia kiganjani mwa fundi wake.

"Kesho nakuja tuchume wote," anasema Emerensiana.

"Kuchuma, au kunilinda?"

"Vyote viwili, baba."