Upande wa Kulisha

Mume wangu wanamwita Redio, na waliompa jina hilo hawakumwonea. Akipiga mswaki anaongea, akivaa viatu anaongea, na ukimwacha peke yake na ukuta, atausalimia. Mdogo wake wanamwita Kimya, na huyo naye hakuonewa. Ukimuuliza shemeji yangu habari za nyumbani anasema "mm". Ukimuuliza kama ameshiba anasema "mm". Siku alipooa ilibidi arudie kukubali, maana watu waliokaa nyuma walidhani bwana harusi kakataa. Wote wawili walikuwa mafundi umeme, na haya ninayoyaeleza ni ya Kimya. Nayaeleza mimi kwa sababu yeye ukimsubiri utazeeka.

Kazi yao kubwa ilikuwa kupitisha kebo kwenye majengo. Wasiojua wanadhani umeme unaingia ukutani wenyewe. Kumbe kuna paipu imefukiwa ndani ya zege, ina kona zake, na kebo nene, ngumu kama fimbo, inatakiwa iingilie huku itokee kule. Mmoja anakaa upande wa kuvuta na kamba. Mwingine anakaa upande wa kulisha: anaiingiza kebo taratibu kwenye mdomo wa paipu, anaipaka sabuni iteleze, anainyoosha isijikunje. Redio alikuwa anavuta na Kimya analisha. Kati yao palikuwa na kuta, wakati mwingine ghorofa nzima, na hawakuwa wanaitana. Kebo ikijikunja, Kimya aliishika tu, akaibana kwa kiganja. Redio kule aliko aliisikia kwenye kamba, akaacha kuvuta. Kimya akimaliza kurekebisha aliachia, na Redio akaendelea.

Hakuna aliyewafundisha hivyo. Walianza wakiwa vijana, wakazoea. Niliwahi kuwapelekea chakula kwenye jengo moja nikakaa kuwatazama, na nakwambia, nilisahau kurudi kazini kwangu. Mimi ni mshonaji, najua kitu kuongea na mkono. Kitambaa kikianza kuvutika vibaya chini ya sindano nakijua kabla sijakiona. Lakini hawa walikuwa watu wawili wasioonana. Nilimwambia mume wangu kwamba pale tu ndipo nilipowahi kumwona akimsikiliza mtu, na yeye akacheka mpaka chai ikampalia.

Kisha mgongo wake ukaanza kumletea maneno. Akiinama hainuki, akiinuka analalama, na kazi zenyewe zilizidi kuwa kubwa. Wakaamua kununua mashine ya kuvutia kebo, ile ya betri. Ina ngoma inayozunguka na kukusanya kamba, na kitufe: ukikibonyeza inavuta, ukikiachia inasimama. Mwanzoni ilikaa sebuleni kwangu kama mgeni wa heshima. Redio aliifuta vumbi. Vyombo vya nyumba hii hajawahi kuvifuta, ila mashine aliifuta.

Na sitaki mtu aseme mume wangu ni mzembe. Dada wa duka walikoinunua alikuja mwenyewe kuwaelekeza, palepale uani kwangu, nami nilikuwa nimekaa na cherehani yangu nikasikia kila kitu. Aliwaambia mashine ifungwe kwenye nguzo imara kabla ya lolote. Mtu asisimame usawa wa kamba, kwa sababu ikikatika inarudi kwa nguvu inayoweza kumtoa mtu jicho. Kamba isizungushwe mkononi. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, isije ikanaswa na ngoma. Kamba ikijifunga, betri itolewe kwanza ndipo mkono upelekwe. Redio alimrudisha nyuma mara kadhaa, akauliza na kuuliza tena, mpaka nikamwonea huruma yule dada.

Mwisho akawageukia wote wawili. "Hii haina hisia kama mkono wako, kaka," alimwambia Redio. "Wewe na anayelisha muwe mnaongea muda wote, hata kwa simu. Ukimuuliza asipojibu, achia kitufe. Usikisie." Akamgeukia Kimya. "Na wewe, mkono wako usikae karibu na mdomo wa paipu."

"Mm," akasema Kimya.

Ningekuwa nimejua, ningeinuka pale kwenye cherehani nikamwambia yule dada kwamba amemwambia bubu aimbe. Lakini nani angejua? Sote tulicheka. Redio alisema sasa mdogo wake itabidi ajifunze kuongea, na Kimya naye akatabasamu, akainamisha kichwa.

Kazi za mwanzo zilikwenda vizuri. Ilikuwa kwenye jengo la ofisi, kebo inatoka chumba cha swichi chini kwenda juu, ndipo ilipotokea. Baadaye nilikuja kuyasikia haya kwa mume wangu mara nyingi kiasi kwamba nayaona. Alifunga mashine kwenye nguzo, akakaa pembeni ya kamba kama alivyoelekezwa, mikono ya shati kaikunja, simu sikioni. Kimya yuko chini, simu yake mfukoni, waya wa kusikilizia sikioni. Redio akabonyeza. Huku inavuta, yeye anaongea, kama kawaida yake. Akauliza, "Uko sawa huko?" Hakujibiwa.

Mtu mwingine yeyote asingejibiwa angeachia kitufe. Lakini yeye alikuwa na miaka yote ile ya kutojibiwa na mdogo wake, na miaka yote ile mambo yalikuwa sawa. Kimya akinyamaza, hiyo ndiyo "ndiyo" yake. Akaendelea kubonyeza.

Chini, kebo ilikuwa imejikunja. Na Kimya alifanya alichokuwa akifanya tangu ujana wake. Aliishika.

Mashine ile ina kipimo cha kuonyesha inavuta mzigo kiasi gani. Redio anasema alikuwa anakitazama, na mshale haukucheza. Hilo ndilo linalomtafuna kuliko yote. Mkono wa mdogo wake ulikuwa unamwambia asimame kwa nguvu zake zote, na kwa ile mashine haukuwa na uzito wowote. Glovu yake ilinaswa kati ya kebo na mdomo wa paipu. Alichokisikia Redio kwenye simu ni pumzi tu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Hapo ndipo alipoachia.

Mkono wa kulia. Vidole viwili viliondoka, na vilivyobaki havikunji vizuri. Hospitalini tulimkuta amekaa, mkono umefungwa, na alipomwona kaka yake alisogea kitandani ampe nafasi ya kukaa. Redio hakukaa. Alisimama mlangoni akiwa na mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutoa neno.

Aliporudi nyumbani akawa hivyo. Nilikuwa namlalamikia kwa kelele miaka yote, na sasa nilikuwa tayari kumpa chochote aongee. Anakula amenyamaza. Anaangalia mpira amenyamaza, timu yake inafungwa naye kimya. Kazi aliendelea nayo, akachukua msaidizi mwingine, na kila wanapovuta anamtaka aseme kwa sauti, "Nimekusikia, vuta," na "Simama," na yule akichelewa tu kidogo, kitufe kimeachiwa. Wanasema kwenye majengo kwamba hakuna fundi mwangalifu kama yeye. Akiambiwa hivyo anaondoka.

Kimya alipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kuuza swichi na balbu. Kumpa mteja bidhaa anatumia mkono wa kushoto. Alikuwa anakuja kwetu, anaketi, anakunywa chai, anasema "mm", anaondoka. Wanakaa pale ndugu wawili kama abiria wasiojuana. Nilivumilia, nikavumilia, mwisho nikachoka. Siku moja nikaweka birika chini kwa kishindo.

"Baba watoto," nikasema, "muulize unachotaka kumuuliza, au niwafungie nje wote wawili."

Redio akakaa akiitazama chai. Kisha akasema, sauti haitoki vizuri, "Mdogo wangu. Kwa nini hukusema?"

Nilidhani Kimya hatajibu. Akaweka kikombe.

"Nilisema, kaka," akasema. "Nilishika."

Hakuna aliyekunywa tena chai ile. Mume wangu alifunika uso kwa viganja. Maana ilikuwa kweli. Kimya alikuwa amesema kwa lugha pekee waliyokuwa nayo. Ni Redio aliyeiweka kamba chini na kushika kitufe, na katika yote waliyoelekezwa pale uani, na yote waliyoulizia, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwambia Kimya kwamba kuanzia leo ukishika, kaka yako hatasikia.

Kimya aliinuka. Nikafikiri ndiyo basi, hatarudi. Kumbe alikuwa anaangalia korido yetu ya nyuma.

"Shemeji," akaniambia, "chumba kile bado hakina taa?"

Hakikuwa nayo. Mafundi umeme wawili katika ukoo mmoja, na mimi chumba changu cha kushonea natumia taa ya mezani yenye waya mrefu unaokatiza mlangoni. Paipu iliwekwa tangu ukuta ulipojengwa, waya wakasema watapitisha kesho, na kesho hiyo sikuwahi kuiona. "Mm," nikamjibu.

Alirudi kesho yake na nyaya za dukani kwao. Redio alikwenda kuichukua mashine, nafikiri kwa mazoea tu, akafika nayo nusu ya korido, akairudisha. Akachukua kamba. Akaingia chumbani upande wa kuvuta, Kimya akabaki koridoni upande wa kulisha, na mimi nikasimama mlangoni ambapo niliwaona wote wawili. Kimya alilisha kwa mkono wa kushoto, pole pole, akisaidia na ule mwingine. Redio alivuta.

Katikati ya kazi nikamwona Kimya anahamisha nyaya. Akaziweka kwenye mkono wa kulia, ule usiokunja, akazibana kwa vidole vilivyobaki.

Redio aliacha kuvuta palepale. Alisimama na kamba mikononi, hasogei, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Nimekusikia," akasema.

Kimya akaachia.

Taa iliwaka siku hiyohiyo. Nilipomsindikiza shemeji mpaka barabarani nikamuuliza nyaya zilikwama wapi, maana paipu yenyewe ni fupi na ina kona moja tu. Akautazama mkono wake kwanza, ndipo akanijibu.

"Hazikukwama," akasema.