Kamongo Aliyebebeshwa Pumu Yangu

Mama mkwe wangu hakunipenda tangu siku niliyoolewa Kendu Bay, na mimi sikumpenda, kwa hiyo hapo tulikuwa sawa. Kilichotukosanisha kabisa ni kifua changu. Miaka ile ya tisini nilikuwa na pumu sugu. Hospitali walinipa vidonge, wakanidunga sindano, wakanipa na kile kidude cha kupuliza mdomoni. Nikipata nafuu kidogo, kifua kinabana tena na kupiga filimbi. Daktari mwenyewe alisema dawa alizo nazo zimefika mwisho. Nikizidiwa, nikimbizwe hospitali nipewe hewa ya mtungi, nisicheleweshwe.

"Hewa ya mtungi!" mama mkwe akabeza, akiniita kwa Kijaluo binti wa Migori. "Nyar Migori, kwani hii ya Mungu inayotutosha sisi sote ina nini?"

Ndiye aliyemleta mganga kutoka Lambwe. Nilikubali, ndiyo. Mfa maji haishi kutapatapa, na asiyewahi kukosa pumzi asinicheke. Mganga alitaka kamongo aliye hai, yule samaki mrefu anayetoa kichwa majini kuvuta hewa kama sisi. Akasema kamongo ana pumzi za ziada. Akampanua mdomo, akaniamuru nimtemee makohozi yangu humo, kisha akamrudisha ziwani aende na ugonjwa wangu. Mwiko ulikuwa mmoja tu: nisile samaki yeyote maishani. Nikionja, pumu inarudi.

Sasa jamani, kazi yangu ilikuwa kukaanga samaki sokoni! Tangu asubuhi nageuza ngege kwenye mafuta, moshi wa kuni umenijaa usoni. Moshi ule haukuwa mwiko.

Mwezi haukuisha kifua kikabana. Mama mkwe hakuniuliza naumwa wapi. Alinishika mkono akaunusa.

"Samaki," akasema. "Umekula."

Kwani alitaka unukie waridi? Niliapa kwamba sijala, akanijibu kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Tangu hapo kila nikikosa pumzi nanuswa kwanza, mikono kisha mdomo, kama nyama iliyolala buchani, na majirani wanatazama. Nilimchukia, sifichi.

Alasiri moja nilianguka uani kwake. Kucha zilikuwa zimeanza kuwa za buluu. Mume wangu akaleta baiskeli mbio, lakini mama yake akasimama langoni, mikono kiunoni.

"Aungame kwanza. Hospitali haimsaidii aliyevunja mwiko."

Na yule mume wangu, jitu zima lenye sauti ya kufukuza ng'ombe shambani, akashika usukani akamngoja mama yake! Mimi sikuwa na pumzi ya kusema neno moja, sembuse kubishana. Nikainamisha kichwa: ndiyo, nilikula. Nikajisingizia ili nipishwe njia. Hapo ndipo alipoondoka langoni.

Hewa ya mtungi iliniokoa. Siku niliporuhusiwa kutoka, nilipitia sokoni nikanunua ngege mkubwa aliyekaangwa, nikaenda naye moja kwa moja mpaka uani kwa mama mkwe. Nikakaa chini mbele yake na majirani, nikala. Nilikula mpaka kichwa, nikafyonza na macho. Nilitaka mwiko ule ufe hadharani, nisije nikanuswa tena huku nakata roho. Wote wakanikodolea macho wakingoja nianguke. Kifua kilitulia, shwari kabisa.

"Haya, mama," nikamwambia, "mwiko wako uko wapi?"

Lo! Unadhani alitahayari? Aliwageukia majirani akipiga makofi.

"Mmeona dawa ya mganga? Imekolea mpaka samaki hawezi kumdhuru tena! Nyar Migori amepona!" Kisha akamwambia mwanawe, "Tangu leo akilia kifua ni maringo tu. Hakuna kumbeba kwenda hospitali tena."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameegemea ile baiskeli.

"Sawa, mama," akasema.

Nilifunga virago siku hiyo hiyo, nikarudi kwetu Migori, mimi na pumu yangu.