Mchaichai wa Kambo Ndani ya Makopo

Wakati wetu, sisi tuliokulia katika kambi ya reli hapa Kalemie, hakuna kilichoota uani kikaachwa na mbuzi. Walikula matembele, walikula mipapai michanga, walikula hata kaptula zilizoanikwa juu ya majani. Ndiyo maana viungo vya nyumba yetu viliota ndani, katika makopo ya maziwa ya unga yaliyopangwa dirishani: mchaichai, seleri na kivumbasi. Asubuhi ukisogeza pazia, harufu yao ilikufikia kabla ya ile ya mkaa na ya ziwa.

Makopo hayo yalikuwa ya Kambo, nyanya yetu, mama yake Papa. Alikuwa amelima kijijini kwake Zongwe maisha yake yote, mpaka miguu ikamkatalia. Papa akamleta mjini, akampa chumba cha mbele. Kambo hakupenda. Siku alipopanda mashina ya kwanza alimwambia Papa mbele yetu sote, "Ikishika, nabaki. Ikikauka, munirudishe Zongwe." Papa akakubali, akidhani ni mzaha. Sisi tulijua kwamba Zongwe hakukuwa tena na mtu wa kumtekea maji.

Basi nyumba nzima ikawa inachunga majani. Mama alitaka kutoboa makopo chini ili maji yapate kutoka. Papa alikataa, maana sakafu ilikuwa ya sima mpya, yaani saruji. "Itaharibika," alisema. Kambo akamjibu kutoka kitandani, "Sima yako njo tutatia mu chai?" Tulicheka, Papa naye akacheka, lakini makopo hayakutobolewa.

Kosa kubwa lilikuwa jingine. Kule Zongwe Kambo alizoea kumwagia mboga maji aliyooshea samaki wa chumvi, nazo zilistawi. Nasi tukafanya hivyo hivyo. Ncha za mchaichai zilipoanza kuwa kahawia, aliagiza, "Iko na njaa. Ongezeni." Mama akaongeza. Udongo ukafanya ukoko mweupe juu, seleri ikalala, kivumbasi kikapukutika. Jioni Mama aliyachuma majani makavu kimya kimya na kuyatia motoni ili Kambo asiyaone. Lakini miguu tu ndiyo iliyokuwa mibovu, macho yalikuwa mazima. "Mukwe wangu, acha," alimwambia. "Naona."

Kopo la mwisho lilipokauka, Papa alijaribu kumbembeleza.

"Mama, tutapanda ingine."

"Ulikubali mbele ya watoto."

Kambo aliondoka kwa boti ya wachuuzi wa samaki, amefunikwa kitenge cha Mama, na Papa akamsindikiza hadi Zongwe. Alirudi peke yake. Mvua za msimu ule zilikuwa hazijaisha tulipoletewa habari za msiba wa Kambo.

Sababu ya majani kukauka niliijua nikiwa mtu mzima, bila mwalimu, kwa kupanda na kuangalia. Kopo moja nililimwagia maji ya samaki, jingine maji ya mvua. Shambani Zongwe mvua iliiosha chumvi ikaishia chini. Kopo lisilo na tundu huishika yote. Kwa anayeanza, mambo ni machache. Toboa kopo, utandaze changarawe chini, uliweke penye jua la asubuhi. Mwagia maji yasiyo na chumvi, na uingize kidole kwanza: udongo ukiwa bado na unyevu, ngoja. Ukikata mchaichai, kata majani ya nje, moyo uuache. Yote hayo mtu angetueleza katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Wanangu wakiona jani limenyauka hulipiga picha kwanza, kisha huiuliza simu. Simu huwajibu sawasawa, nao huendelea na mengine, huku supu yao wakiitia kiungo cha dukani. Siwalaumu. Ila sisi tulisimama dirishani asubuhi nzima tukihangaikia majani yaliyokuwa yakifa, tukikosea pamoja, watu wazima na watoto, kwa kuwa hakuna aliyetaka Kambo aende. Leo mchaichai umeziba nusu ya dirisha langu, wala hauna ncha hata moja ya kahawia, na anayeuangalia ni mimi peke yangu.