Chumvi ya Mtoto

Mwanangu alianza maisha kwa kunya kitu cheusi kama lami. Kizito, kinanata, hakitoki kwenye matako hata ukisugua kwa kitambaa cha mafuta. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba watoto wote wanaanza hivyo. Nikamwita mama mkwe. Akainama, akatazama nepi, kisha akanitazama mimi.

"Kwenu kule Kiwanja munakulaka nini?" akauliza. "Makala?" Alimaanisha makaa.

Alijua vizuri sana kile kitu ni nini. Alikuwa amezaa wanawe, amewauguza mabinti zake wote walipojifungua. Lakini aliniacha nilie mpaka jioni, ndipo akasema, mgongo umenigeukia, kwamba huo ni uchafu wa tumboni, utageuka kijani, halafu manjano. Ukageuka kijani, halafu manjano: laini, wenye punje ndogondogo, usionuka vibaya. Nilikipenda kile choo cha manjano. Kila nilipofungua nepi nikakikuta, nilijua maziwa yangu yanafanya kazi, na kwamba kuna jambo moja katika nyumba ile ambalo mimi nililifanya sawasawa.

Maana mama mkwe hakunitaka, na hakujificha. Watu wake ni Waislamu wa Maniema, wafanyabiashara tangu babu zao. Yeye mwenyewe ana duka mtaa wa Birere, la chumvi, sukari, sabuni na mafuta. Mimi ni binti wa wakulima wa maharagwe wa Kiwanja, Kiswahili changu kina Kinyarwanda ndani yake, na nilisilimu ili niolewe. Mbele ya wageni aliniita "ule wa maharagi". Mume wangu ni dereva wa njia ya Rutshuru, siku nyingi yuko barabarani. Akiwa nyumbani alicheka pamoja na wageni.

Kabla arobaini yangu haijaisha, choo cha mtoto kikakatika. Jana hakuna, leo hakuna. Ananyonya, anajamba, anacheka usingizini, lakini nepi haina manjano. Tukaenda sante, zahanati ya mtaa, sisi wawili, mama mkwe mbele na mimi nyuma na mtoto. Muuguzi, infirmière kama tunavyomwita, alikuwa na mstari mrefu wa akina mama, akatusemesha huku anaandaa sindano ya mwingine.

"Selle iko?" akauliza.

"Ilikuwa iko," nikasema. "Sasa imekosa."

Akaminya tumbo la mtoto kwa vidole viwili. "Tumbo iko laini, anaendelea kunyonya, basi haina shida. Selle inaweza kosa kidogo ku mutoto wa maziwa ya mama. Lakini ikikosa kabisa na tumbo ikivimba, muniletee yeye mbio."

Nilitoka pale moyo mweupe. Njiani mama mkwe akaniuliza, "Umesikia infirmière?" Nikajibu, "Nimesikia, mama." Kila mmoja akarudi nyumbani na neno lake.

Selle, kwa Kifaransa cha hospitali, ni choo kikubwa. Neno hilo nilijifunza matemite, yaani wodi ya wazazi, kila asubuhi walituuliza. Sel ni chumvi. Ukiyaandika utaona tofauti, ukiyasikia huoni kitu. Na Kifaransa cha mama mkwe kilitoka chote kwenye magunia na makaratoni ya duka lake, sel, sucre, savon, huile, akakijivunia kupita mwalimu. Pale sante alisikia kwamba mjukuu wake amekosa chumvi, na kwamba chumvi ikikosa kabisa tumbo litavimba. Yeye, mwenye magunia ya chumvi mpaka darini, angengoja tumbo la mjukuu livimbe?

Hakuniuliza. Angeniuliza mimi, ule wa maharagi? Alimchukua mtoto baada ya kila kunyonya, akaniambia nilale. Nikashangazwa na wema huo, nikalala. Nyuma ya mlango wake alimtilia chumvi katika maji ya vuguvugu na kumnywesha kwa kijiko.

Mtoto akabadilika. Kilio chake kikawa chembamba, cha juu, hakibembelezeki. Alinyonya kwa pupa, akaliachia titi, akalia, akalirudia. Ngozi ikawa ya moto. Nepi sasa hazikuwa na choo wala mkojo, nikawa nazikunja kavu kama nilivyozikunjua. Kisha akaacha kulia, na huko kunyamaza kukanitisha zaidi. Nikamwinua, nikambusu pembeni ya mdomo. Nikaonja chumvi.

Nikaenda nayo hiyo ladha ulimini mpaka kwa mama mkwe. "Mama, unamupatiaka mutoto nini?"

Hakuona haya. Alinionyesha kikombe, alikuwa na fahari. "Sel. Si infirmière alisema imemukosa? Wewe ulikuwa unangojea nini? Tumbo ivimbe?"

"Selle ni mavi, mama!" nikapiga kelele. "Mavi! Aliuliza mavi!"

"Usinitukane mu nyumba ya mwana wangu!"

Nilimwacha pale anaita majirani washuhudie alivyotukanwa. Nikapanda pikipiki na mtoto kifuani, nikimwambia dereva apite popote, juu ya mawe, juu ya watu, nisingejali. Kule sante, yule muuguzi aliponisikiliza akacheka. Naam, alicheka, akamwita mwenzake chumba cha pili aje asikie: "Sel na selle!" Kisha akagusa utosi wa mtoto, ukawa umebonyea, akafinya ngozi ya tumbo, nayo ikachelewa kurudi. Hapo kicheko kikamwishia, akatuandikia hospitali kubwa.

Daktari aliniambia bila kupamba. Chumvi imejaa katika damu. Lazima ishushwe polepole, kwa maana ikishuka haraka ubongo unavimba. Anaweza kufa, anaweza kupona, anaweza kupona na kubaki na kasoro. Tutangoja mkojo, kisha tutangoja selle. Alilitamka neno lile wazi kabisa, nikatamani kumpiga.

Mama mkwe alikuja kila siku. Kila kitanda kiliruhusiwa mtu mmoja tu wa kuuguza, kwa hiyo alisimama mlangoni na bakuli la chakula, asogezwe na mlinzi, arudi. Bakuli sikulipokea. Mume wangu akanijia na maneno ya upole: mama hakujua, mama hali, mama halali. Nikamwambia akalale naye. Nilimchukia yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na chuki hiyo ndiyo iliyonishikilia wima karibu na kile kitanda.

Mkojo ulikuja kwanza, kidogo, wa rangi nzito. Halafu mtoto akafungua macho, akatafuta titi. Na asubuhi moja nikasikia mlio ninaoujua, nikafungua nepi, nikakuta manjano: laini, ya punjepunje, imejaa mpaka mgongoni. Daktari akaja kuangalia, akamwita jina, mtoto akageuza kichwa. Akasema huyu amepona, kesho kutwa mwende nyumbani. Nililia mbele ya watu wote, mikono imejaa mavi.

Nilipoinua uso nikamwona mama mkwe mlangoni. Hakuwa amesikia lolote, aliona tu kwamba ninalia. Alikuwa amekonda, kilemba kimefungwa upande. Nikajifuta, nikamwendea. Alinishika mkono kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akauliza kwa sauti ndogo, akilichagua neno kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga matope:

"Selle ya mutoto, mama... imekuja?"

Aliniita mama. Nilimsikia.

"Chumvi?" nikamwambia. "Uiangalie ku duka lako."

Nikautoa mkono wangu. Nikamtazama akishuka ngazi na bakuli lake, akijishika ukutani, hajui kama mjukuu yu hai, kisha nikarudi kubadilisha nepi.